Ulinganifu wa shotigani na mpigaji

Ulinganifu wa shotigani ni hali ya kitako cha bunduki kuafikiana na mwili wa mpigaji, hata akiiweka begani mtutu unaelekea pale pale anapotazama. Ukiambatana na mazoezi, ndio msingi wa kupiga shabaha zinazoruka, kama ndege au visahani vya michezoni.

Sababu. Raifoli ina alama mbili za kulengea, ya nyuma na ya mbele. Shotigani kwa kawaida ina shanga ndogo tu kwenye ncha ya mtutu. Jicho ndilo huwa alama ya nyuma. Jicho likihama milimita 3, marisau huhama takriban sentimita 5 kwa umbali wa mita 15.

Vipimo. Urefu hupimwa kutoka kifyatulio hadi mwisho wa kitako: kitako kirefu hunasa kwenye nguo karibu na kwapa, kifupi hufanya kidole gumba kigonge pua bunduki inaposukuma nyuma. Ukingo wa juu, shavu linapoegemea, ukizidi kimo marisau hupita juu ya shabaha. Mpindo wa pembeni hurekebisha kulia na kushoto. Pembe ya mwisho wa kitako hukifanya kikae vizuri begani.

Fundi huanza kwa kutambua jicho linalotawala. Kisha mpigaji hufyatulia bamba la chuma lililopakwa rangi, akipandisha bunduki upesi bila kujisahihisha. Kundi la marisau likiangukia upande mmoja kila mara, kitako hurekebishwa.

Mazoezi. Robert Churchill (1886–1958), mtengeneza bunduki wa London, alifundisha kutazama shabaha, si mtutu. Hilo huwezekana tu ikiwa bunduki hufika shavuni mahali pale pale kila mara, ndiyo maana wapigaji hurudia kuipandisha nyumbani, baada ya kuhakikisha haina risasi. Katika trapu ya Olimpiki, mchezo mmoja wa kupiga visahani, mpigaji huruhusiwa kuwa na bunduki begani kabla ya kuita kisahani. Katika skiti, mchezo mwingine wa visahani ulioingia Olimpiki mwaka 1968, huishikilia usawa wa kiuno hadi kisahani kionekane.

Anayejizoeza na kitako kisichomfaa huzoea kukunja shingo ili kufidia kasoro. Kwa hiyo kipimo hutangulia mazoezi, na hurudiwa mwili unapobadilika. Hata koti zito la baridi hufanya kitako kiwe kama kimerefuka.