Kuongeza Kumbukumbu ya Kinanda cha Sampuli

Katika matangazo ya vinanda vya zamani, ASR-10 ya kampuni ya Ensoniq hutajwa pamoja na namba ambayo kijana mwenye simu ya gigabaiti 128 ataiona mzaha: megabaiti 16. Picha nne tano za simu yake zinaimaliza. Kwa anayekijua kinanda hicho, hiyo ndiyo namba ya kuulizia kwanza. ASR-10 ilipoingia sokoni mwaka 1992 ilikuwa na megabaiti 2 tu, na ukikuta yenye 16 ujue kuna mtu aliyefungua kifuniko akaongeza kadi. Kazi hiyo ndiyo istilahi yetu ya leo. Mafundi husema kuongeza memori au kuongeza ramu. Kwenye kitabu cha maelekezo ningeandika upanuzi wa kumbukumbu.

Tuanze na sampuli, maana ndiyo inayoijaza kumbukumbu hiyo. Neno tunalijua hospitalini: damu kidogo ndani ya kichupa, na daktari anausoma mwili mzima. Katika muziki limeingia na maana mbili, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Ya kwanza ni kipande cha sauti kilichorekodiwa ili kipigwe tena: mdundo mmoja wa ngoma, mlio wa zumari, sekunde mbili za santuri ya zamani. Ya pili ni ya kihandisi: thamani moja ya sauti, iliyopimwa kwa nukta moja ya wakati. Kipande kimoja kina maelfu ya thamani hizo. Tukiyaita yote mawili sampuli tutaandika sentensi zisizoeleweka, kwa hiyo napendekeza kipande kibaki sampuli, na thamani moja iitwe kipimo. Hapo tunaweza kusema ASR-10 huchukua hadi vipimo 44,100 kwa sekunde, na jumla ya vipimo hivyo ndiyo sampuli. Mashine yenyewe watu wa studio wanaiita sampla, na sioni haja ya kuwanyang'anya neno lao. Yenye vibonye vya kupigia naiita kinanda cha sampuli. (Wazee wa Lamu waliita kinanda chombo cha nyuzi, kwa hiyo neno hili limeshahama chombo kimoja hadi kingine bila kudhurika.)

Ensoniq ilikuwa kampuni ya Malvern, katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, iliyoanzishwa na wahandisi waliotoka Commodore. Mmoja wao, Bob Yannes, ndiye aliyebuni chipu ya sauti ya kompyuta ya Commodore 64. Mwaka 1984 walitoa sampla iitwayo Mirage kwa dola 1,695, wakati sampla ya Emulator II ya kampuni ya E-mu, ya mwaka huohuo, ilikuwa karibu dola 8,000. Unafuu huo ulikuwa na gharama yake. Mirage ilikuwa na kilobaiti 128 za sampuli, nusu kwa upande wa kushoto wa vibonye na nusu kwa upande wa kulia. Kila kipimo kilichukua baiti 1. Ukirekodi vipimo 30,000 kwa sekunde, kilobaiti 64 zinajaa baada ya sekunde mbili na kidogo. Humo ndimo ulimotakiwa uiingize piano.

Piano haiishi kulia kwa sekunde mbili. Dawa yake ilikuwa kitanzi: unachagua kipande kidogo kuelekea mwisho wa sampuli, mahali ambapo sauti imetulia, kisha mashine inakizungusha kipande hicho tena na tena kwa muda wote kidole kikiwa kwenye kibonye. Kitanzi kikikaa vizuri sikio halishtuki. Kikikaa vibaya unasikia mkwaruzo au mtetemo kila kinaporudi mwanzo, na mtengenezaji wa sampuli angeweza kukesha akisogeza mwanzo na mwisho wa kitanzi hatua kwa hatua. Ufundi huo wote ulizaliwa na uchache wa kumbukumbu.

Katika ASR-10 hesabu ni hii. Kipimo kimoja ni biti 16, yaani baiti 2. Zidisha kwa 44,100, unapata baiti 88,200 kwa kila sekunde ya mono. Megabaiti 2 zinatosha sekunde 23 na ushei. Ukitaka stereo, kama 12 tu. Unaweza kushusha kasi hadi vipimo 29,760, nazo megabaiti 2 zikavutika hadi sekunde 35, lakini matoazi yatapoteza ung'avu wake. Tena sekunde hizo si za sauti moja. Ngoma, besi, kinanda na kipande cha mwimbaji vyote vinagawana nafasi hiyohiyo, kwa sababu vyote lazima viwe tayari kulia kwa wakati mmoja. Ukifika megabaiti 16 unapata dakika 3 na sekunde 10 za mono, na hapo ndipo mtu anaweza kuweka wimbo mzima ndani ya kinanda kimoja bila kubana. Watayarishaji wa muziki RZA, Timbaland na Kanye West wote wametengeneza muziki kwa ASR-10.

Sasa neno lenyewe, kumbukumbu. Limekubalika katika Kiswahili cha kompyuta na sitaki kulipinga, lakini lina mzigo. Kumbukumbu za mkutano ni karatasi zinazotiwa jalada. Kumbukumbu ya marehemu hufanywa mwaka hadi mwaka. Kila tunapolitumia linatuahidi kitu kitakachobaki, na kumbukumbu ya sampla haibaki. Umeme ukikatika, na wa kwetu haupigi hodi, kila sampuli iliyokuwa humo inafutika. Hata mfumo unaoendesha ASR-10 husomwa upya kutoka kwenye disketi kila kinanda kinapowashwa. Kumbukumbu hapa ni meza ya kufanyia kazi. Kabati liko kwingine. Kabati hilo linahitaji neno lake, nalo tunalo tayari: hifadhi. Simu zimetuzoesha kusema "memori imejaa" kwa yote mawili, na katika mazungumzo hakuna anayeumia. Mbele ya sampla ya mwaka 1992 inaumiza, kwa sababu mtu anaweza kulipia kimoja akidhani amenunua kingine.

Hifadhi ya asili ya ASR-10 ni disketi ya kama megabaiti 1.6. Haitoshi hata zile megabaiti 2 za kuanzia. Aliyejaza megabaiti 16 alihitaji disketi zipatazo 10, azichomeke moja moja kwa zamu, na kesho yake azirudie zote ili aanze kazi. Ndiyo maana walioongeza kumbukumbu wengi walitafuta pia kadi ya SCSI, ya kuunganisha diski ya nje, ambayo kwenye toleo la vibonye iliuzwa kando. Kupanua meza bila kupanua kabati ni kujitafutia kazi.

Kadi zinazoingia ndani zinaitwa SIMM, na wala hazina undugu na laini ya simu. Ni vipande vyembamba vya bodi vyenye chipu zilizopangwa mstari na pini 30 kwenye ukingo wa chini. Kompyuta za Macintosh na za IBM za mwishoni mwa miaka ya 1980 zilitumia kadi za aina hiihii, kwa hiyo leo hutolewa kwenye mashine zilizokufa. ASR-10 ina nafasi nne za kadi, nazo hujazwa mbili mbili, maana kadi moja ya pini 30 hupitisha biti 8 kwa mpigo na kipimo cha sauti kinataka 16. Jozi moja ya kadi za megabaiti 1 ndiyo ile 2 ya kuanzia. Ongeza jozi nyingine kama hiyo, unapata 4. Jozi ya kadi za megabaiti 4 pamoja na ile ya zamani inakupa 10, na jozi mbili za megabaiti 4 zinafika 16, ambayo ndiyo mwisho wa mashine.

Ukichomoa waya wa umeme na kufungua kifuniko, gusa kwanza chuma cha kasha la kinanda ili umeme tuli ulio mwilini usiiunguze chipu. Kadi haishindiliwi wima. Inaingia imelala kidogo, kisha unaisukuma isimame mpaka vibanio vya pembeni vilie "tak" pande zote mbili. Kona moja ya kadi imekatwa ili isiweze kuingia kinyume. Ikigoma, igeuze badala ya kuongeza nguvu. Kuwa mpole kuliko kawaida na vibanio. Vingi ni vya plastiki, na plastiki ya miaka 30 hukatika kama biskuti. Kikikatika, kadi inalegea, na kinanda hakitaiona kumbukumbu hiyo, au kitaiona leo na kesho kikakana.

Je, nafasi kubwa inaleta muziki bora? Sina hakika hata kidogo. Sampla ya SP-1200 ya E-mu, ya mwaka 1987, ilikuwa na kama sekunde 10 tu kwa jumla, na waliopiga hip hop ya New York waligundua ujanja: chukua santuri ya mizunguko 33, izungushe kwa 45, irekodi ikiwa imebanwa hivyo, kisha ishushe ndani ya mashine. Sekunde ziliongezeka, na ule mkwaruzo uliobaki kwenye sauti ukapendwa mpaka leo watu wananunua programu za kuuiga. Mwenye megabaiti 16 hakuwa na sababu ya kufika huko.

Jambo la mwisho ni la mnunuzi. Wengi siku hizi hung'oa kiendeshi cha disketi na kuweka kifaa kinachosoma flashi au kadi ya SD, halafu tangazo likaandikwa "imeongezwa memori, gigabaiti 8". Hiyo ni hifadhi, tena nzuri, lakini kumbukumbu ya kinanda hicho inaweza kuwa bado ni megabaiti 2 na sekunde zako 23. Mwambie muuzaji akiwashe bila kupakia sampuli yoyote, akuonyeshe kwenye kioo nafasi iliyo wazi. Akisitasita, alete bisibisi mhesabu kadi.