Kiptum angemwacha Kipchoge mita ngapi? Piga hesabu hivi

Kelvin Kiptum alikimbia marathoni ya Chicago 2023 kwa saa 2, sekunde 35. Eliud Kipchoge, Berlin 2022, alitumia saa 2, dakika 1, sekunde 9. Je, wangekimbia pamoja, kila mtu na kasi yake ileile mwanzo hadi mwisho, pengo lingekuwa mita ngapi?

Kanuni ni hii: kasi = umbali ÷ muda. Ukitaka umbali, zidisha kasi kwa muda.

1. Geuza muda wote uwe sekunde. Kiptum: 7,235. Kipchoge: 7,269.

2. Geuza umbali uwe mita. Kilomita 42.195 ni mita 42,195.

3. Tafuta kasi ya aliye nyuma, maana ndiye bado anakimbia mwenzake akishamaliza: 42,195 ÷ 7,269 = mita 5.8 kwa sekunde.

4. Zidisha kwa tofauti ya muda, sekunde 34: 5.8 × 34 = mita 197.

Yaani Kiptum anakata utepe, Kipchoge bado ana karibu nusu mzunguko wa uwanja.

Wengi hukwama hatua ya kwanza. Kumbuka, saa 2 na dakika 30 ni saa 2.5, sio 2.30.