Majirani Walioachana kwa Umri: Kenya na Tanzania Tangu Sensa ya 1948

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Kenya ilikuwa karibu kuifikia Tanzania. Sensa ya Tanzania ya 1988 ilihesabu watu milioni 23.1, ya Kenya, mwaka mmoja baadaye, ilihesabu milioni 21.4. Miaka arobaini nyuma, Waingereza walipoendesha sensa moja kwa makoloni yao yote ya Afrika Mashariki mwaka 1948, Kenya ilikuwa na watu milioni 5.4 na Tanganyika milioni 7.5, bila Unguja na Pemba. Kwa mwendo huo, mtu yeyote mwenye penseli na karatasi angeapa kwamba karne haitaisha kabla Kenya haijatangulia.

Haikutangulia. Sensa ya Kenya ya 2019 ilipata watu milioni 47.6. Ile ya Tanzania ya 2022 ilipata milioni 61.7. Hata tukikumbuka kwamba ya pili ilifanyika miaka mitatu baadaye, pengo lililokuwa linazibika limefunguka upya, na limefunguka sana. Sababu haionekani kwenye jumla ya vichwa. Inaonekana mtu anapouliza kila kichwa kina umri gani.

Swali hilo ndilo lililowasumbua wahesabuji tangu mwanzo. Kabla ya 1948 serikali za kikoloni zilikisia tu: ofisa wa wilaya alihesabu vibanda na walipa kodi, kisha akazidisha kwa idadi aliyodhani ni ya watu wa kila nyumba. Mwanamume aliyemkimbia mtoza kodi aliikimbia na takwimu. Sensa ya 1948 ilipiga hatua, lakini kwa Waafrika iliridhika na makundi mapana machache ya umri, kwa kuwa wengi hawakuwa na tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa popote.

Baada ya Uhuru ilikuja kalenda ya matukio. Karani akimkuta bibi asiyejua mwaka aliozaliwa, anamuuliza: wakati wa Vita vya Majimaji ulikuwa umezaliwa? Vita Kuu ya Pili ilipokwisha ulikuwa umeolewa? Kila wilaya ilikuwa na njaa zake, nzige wake na mafuriko yake ya kuongeza kwenye orodha. Upande wa Kenya walitumia Hali ya Hatari ya 1952, upande wa Tanzania Azimio la Arusha la 1967. Kwangu mimi hakuna nyaraka za historia ya watu wa kawaida zinazoshinda kalenda hizi, na ni aibu kwamba nyingi zilichukuliwa kama karatasi za kazi za kutupwa sensa ikiisha. Pamoja na ujanja wote huo, grafu za sensa za zamani za nchi zote mbili zina vilele kwenye miaka 30, 40, 50 na 60, na mabonde kwenye 31 na 41. Watu walijitaja kwa namba zilizokamilika. Mzee Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza huko Eldoret mwaka 2004 akisema ana miaka 84, hakuwa na cheti cha kuzaliwa cha kuonyesha. Dunia ilimwamini, na rekodi ya mtu mzee zaidi kuanza shule ya msingi ikaandikwa.

Hata hivyo, kilele cha 40 na bonde la 41 havibadilishi umbo zima la piramidi ya umri, na umbo hilo lilikuwa lilelile Nairobi na Dodoma hadi miaka ya 1980: kitako kipana sana cha watoto, kikichongoka haraka kuelekea kwa wazee wachache. Kenya ndiyo iliyokuwa na kitako kipana zaidi. Utafiti wa uzazi wa 1977/78 ulikuta mwanamke wa Kenya akizaa wastani wa watoto 8.1, miongoni mwa viwango vya juu kabisa vilivyowahi kupimwa katika taifa zima. Idadi ya watu ilikua kwa takriban asilimia 3.8 kwa mwaka.

Kejeli ni kwamba Kenya ilikuwa imetangaza mpango wa kitaifa wa uzazi tangu 1967, nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kufanya hivyo, wakati Tom Mboya akiwa waziri wa mipango ya uchumi. Kwa zaidi ya miaka kumi mpango huo uliishi zaidi kwenye makaratasi. Tanzania haikuwa na haraka hiyo. Chama cha UMATI kilikuwa kikitoa huduma za kupanga uzazi tangu 1959, na Mwalimu Nyerere mwaka 1969 aliwakumbusha wana-TANU kwamba kuzaa peke yake si kazi, kazi ni kulea. Lakini sera rasmi ya idadi ya watu ilisubiri hadi 1992.

Kisha Kenya ikageuka, na kwa kasi ambayo wataalamu hawakuitazamia. Kutoka watoto 8.1 ikashuka hadi 6.7 mwaka 1989, 5.4 mwaka 1993, na 4.7 mwaka 1998. Kliniki zilichangia, ila sidhani kliniki ndizo zilizoamua. Ardhi ilikuwa imekwisha kugawanywa. Kenya ni ndogo kuliko Tanzania kwa zaidi ya theluthi moja, na sehemu kubwa yake ni kavu. Baba wa Kisii au Murang'a mwenye ekari tatu na wana sita alijua hesabu hiyo bila kufundishwa na mtu. Kilichobaki cha kumrithisha mtoto kilikuwa shule, na shule ilikuwa na karo. Shule za sekondari za Harambee, zilizojengwa kwa michango ya wazazi, zilichipuka kila tarafa na kuwaingiza wasichana ambao mama zao waliishia darasa la nne au hawakwenda kabisa.

Tanzania ilichagua njia nyingine. Azimio la Musoma la 1974 lilileta elimu ya msingi kwa wote, na nchi ikajivunia watu wake kujua kusoma na kuandika. Sekondari zilibaki chache kwa makusudi, hadi ulipofika wakati wa shule za kata katika miaka ya 2000. Binti aliyemaliza darasa la saba mwaka 1985 mara nyingi hakuwa na pa kwenda isipokuwa kuolewa. Ardhi nayo bado ilikuwepo: Msukuma aliyebanwa Shinyanga aliweza kuhamisha ng'ombe wake hadi Rukwa au Mbeya. Nchi yenye nafasi haimlazimishi mtu kuhesabu watoto.

Mwendo wa Kenya haukuwa mteremko mtupu. Ulikwama kati ya 1998 na 2003, ukapanda kidogo hadi 4.9, kisha ukashuka tena: 3.9 mwaka 2014, 3.4 mwaka 2022. Tanzania ilishuka polepole, kutoka 6.2 mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi 4.8 mwaka 2022. Katikati ya safari hiyo Rais Magufuli, akihutubia mkoani Simiyu mwaka 2018, aliwaambia wakulima wenye chakula na mifugo kwamba hawana sababu ya kupanga uzazi.

Leo ukiweka piramidi hizo mbili kando kwa kando, tofauti iko chini. Waliokuwa na umri wa chini ya miaka 15 walikuwa takriban asilimia 39 ya Wakenya mwaka 2019, na asilimia 43 ya Watanzania mwaka 2022. Pointi nne zinaweza kuonekana ndogo. Lakini Kenya watoto wa miaka 0–4 walikuwa wachache kuliko wa 5–9, na hao nao wachache kuliko wa 10–14: kitako kimeanza kujikunja ndani. Tanzania bado kundi la wachanga ndilo kubwa kuliko yote. Waziri wa elimu wa Kenya anaweza kuanza kufikiria ubora wa madarasa aliyonayo. Mwenzake wa Dodoma bado anahesabu madawati, hasa tangu ada ilipofutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016.

Wastani wa taifa, hata hivyo, unaficha mengi. Utafiti wa Kenya wa 2022 ulikuta mwanamke wa Nairobi akizaa watoto 2.5 na wa Mandera 7.7. Pengo hilo ndani ya Kenya ni kubwa mara kadhaa kuliko lile kati ya Kenya na Tanzania. Kilimanjaro nayo, kwa ardhi yake finyu na shule zake za zamani, inafanana zaidi na Kenya ya kati kuliko na mikoa ya magharibi mwa Tanzania.

Upande wa juu wa piramidi nchi hizi bado ni sawasawa: wenye miaka 60 na zaidi ni chini ya asilimia 6 katika kila moja. Usawa huo una muda wake. Wakenya waliozaliwa katika miaka ya 1970, kizazi cha mama wa watoto wanane, wataanza kutimiza miaka 60 mwaka 2030. Watakuwa wazee wengi kuliko Kenya ilivyowahi kuwa nao, na nyuma yao wamezaa watoto wachache zaidi kuliko wazazi wao.