Chuo cha Wasichana cha Mbweni

Msafiri atokaye Mji Mkongwe wa Unguja akielekea kusini, baada ya kilometa chache hufika Mbweni. Huko, karibu na bahari, zimesimama kuta na matao ya mawe yasiyo na paa. Wengi huyatazama na kupita. Lakini yatupasa kusimama hapo kidogo, maana ndani ya kuta hizo walifundishwa baadhi ya walimu wanawake wa kwanza wa nchi yetu waliopata elimu ya shule.

Shamba la Mbweni lilinunuliwa mwaka 1871 na Misheni ya Vyuo Vikuu, wakati wa Askofu Tozer. Mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa, lakini biashara yenyewe haikukoma siku hiyo. Majahazi yaliendelea kukamatwa baharini, na watoto waliookolewa wakakabidhiwa misheni. Wavulana walipelekwa Kiungani, wasichana Mbweni. Wengi walitoka bara ya mbali, katika nchi za Wayao na za kandokando ya Ziwa Nyasa, ziwa lile lile ambalo mkazi wa Masukulu hulifikia akiteremka kwa njia ya Kyela. Hivyo habari za Mbweni si za pwani peke yake. Ni habari zetu pia sisi watu wa Rungwe.

Kutoka mwaka 1877 hadi 1902 chuo kiliongozwa na Bibi Caroline Thackeray. Wasichana walijifunza kusoma, kuandika, hesabu, dini na kushona. Kwa kuwa kila mmoja alikuja na lugha ya kwao, Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Mtoto aliyetengwa na ndugu zake alipata katika lugha hiyo ndugu wapya. Waliohitimu, baadhi yao walifundisha wadogo wao pale pale, na wengine walikwenda kufundisha katika vituo vya misheni vya bara.

Hata hivyo, haifai kuisifu Mbweni kupita kiasi. Walioonekana hawana kipawa cha masomo walitengwa katika sehemu ya kazi za mikono, kama kupika na kufua. Misheni ilikuwa na sauti kubwa hata katika ndoa zao, na waume waliotazamiwa aghalabu walikuwa wanafunzi wa Kiungani. Msichana alitolewa katika mikono ya bwana mmoja, lakini njia ya maisha yake ilichaguliwa tena na wengine. Na nje ya ua wa chuo hali ilikuwa ngumu zaidi: amri ya mwaka 1897 iliyofuta utumwa Unguja na Pemba iliwaacha masuria nje. Wao walingoja mpaka mwaka 1909. Mwanamke, basi, alikuwa wa mwisho kuhesabiwa katika uhuru.

Kufikia mwaka 1920 maisha ya chuo yalikuwa yamekwisha. Bibi Thackeray alifariki mwaka 1926, akazikwa Mbweni. Jina lake linajulikana. Lakini wale wanafunzi waliobeba ubao na chaki kwenda bara, ni wangapi kati yao tunaowataja? Waliandikwa kwa majina ya ubatizo, na majina waliyopewa na mama zao mara nyingi yakapotea. Huu ndio upungufu mkubwa wa historia iliyoandikwa na wageni, nasi tusiurithi.

Leo mtoto wa Kinyakyusa wa Masukulu huingia darasani akafundishwa kwa Kiswahili, na mara nyingi anayemfundisha ni mwanamke. Jambo hilo twaliona la kawaida, kumbe lina mizizi mirefu na yenye machungu. Wazee waliosoma kwa bibi walimu wa zamani bado wamo vijijini. Na tuwaulize majina ya walimu hao, tuyaandike kabla hayajatoweka. Kuta zikibomoka zaweza kujengwa tena. Jina lililosahauliwa halirudi.