Mungazi, shahidi wa vijiji vya kale

Mungazi, ambao wataalamu huuita Elaeis guineensis, wasomaji wetu wanaujua tangu jikoni: ngazi huchemshwa, hutwangwa, hukamuliwa, ndipo yanapotoka mawese mekundu. Hayo hayahitaji maneno mengi. Sisi twataka kuuliza neno lingine: katika historia ya Kongo, mti huu ulikuwa mali ya nani?

Tarehe 1 Julai 1885 Serikali ya Leopold II ilitangaza ya kwamba nchi isiyo na watu ni mali ya Serikali. Kisha, mwaka 1911, Ubelgiji ulipatana na William Lever, Mwingereza mwenye viwanda vya sabuni. Akapewa ruhusa ya kujichagulia hata hektari 750 000 ndani ya duara tano, kila moja kilometa 60 toka katikati hata ukingoni. Lusanga, katika nchi ya Kwilu, ikaitwa Leverville. Mingazi ya huko ikahesabiwa kuwa ya porini, yaani haina mwenyewe.

Lakini tuutazame mti wenyewe. Mungazi wapenda jua. Katika kivuli cha msitu mzito mche wake hudhoofika. Hustawi kandokando ya mito, na hasa pale watu walipofyeka, wakalima, wakajenga. Waliokata msitu waliuacha mungazi umesimama. Kokwa zilizotupwa nyuma ya nyumba zikaota. Kijiji kikihama, mingazi inabaki. Hatusemi kila mti ulipandwa kwa mkono, maana wanyama na ndege nao hutawanya kokwa. Hata hivyo, katekista akikuta mingazi mingi mikongwe katikati ya msitu, afadhali awaulize wazee: nani alikaa hapa? Mara nyingi watamtajia ukoo.

Basi, pori lile lililoitwa tupu lilikuwa na alama za watu, ila hazikuandikwa kwa wino. Wana wa nchi wakashurutishwa kukata ngazi katika miti ya babu zao na kuziuza kwa bei ya kompanyi. Mwaka 1931 bei ilishuka sana, lakini kodi ilidaiwa vilevile. Wapende wakaasi. Mtumishi wa Serikali, Maximilien Balot, aliuawa mwezi wa Juni. Askari walioletwa wakaua Wapende kwa mamia.

Leo jina la Leverville limeondolewa, Lusanga ni Lusanga tena. Ngazi zingali zinakatwa huko.