Gari la premiamu linapotumia petroli ya kawaida Nyanda za Juu Kusini

MMILIKI wa gari lililotoka Japani anayefungua kifuniko cha tanki katika kituo cha mafuta cha Uyole, Mbeya, au Ipogolo, Iringa, mara nyingi hukuta kibandiko chenye maandishi ya Kijapani asiyoweza kuyasoma. Katika baadhi ya magari, maandishi hayo humtaka atumie petroli ya daraja la juu isiyo na risasi, yaani premiamu. Pampu iliyo mbele yake haimpi nafasi ya kuchagua. Katika bei kikomo zinazotangazwa kila mwezi na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA), petroli ina bei moja tu kwa kila mji, kando ya dizeli na mafuta ya taa.

Kinachotofautisha petroli ya premiamu na ya kawaida ni oktani, nayo haipimi nguvu ya mafuta wala usafi wake, ingawa wengi hudhani hivyo. Oktani hupima uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo na joto bila kujiwasha yenyewe. Petroli yenye oktani ndogo, ikiwekwa katika injini yenye mgandamizo mkubwa, huweza kulipuka pembeni mwa silinda kabla moto wa plagi haujaifikia. Dereva husikia mlio mkali, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo, hasa anapokanyaga mafuta akipanda mlima. Mafundi husema injini inagonga. Ikigonga kwa nguvu na kwa muda mrefu, pistoni huweza kutoboka au kuvunjika kingo.

Nchini Japani petroli ya kawaida hutakiwa kuwa na oktani isiyopungua 89, na ya premiamu isiyopungua 96. Gari linalohitaji ya kawaida ya Japani halina tatabu na petroli ya 95. Linalohitaji premiamu, kama Toyota Altezza yenye injini ya silinda nne, au Subaru Impreza WRX STI yenye turbo, lipo juu ya 95 kwa namba moja tu. Kwa dereva asiye na haraka, pengo hilo ni dogo. Tahadhari inahitajika kwa magari yaliyotoka Marekani, kwa sababu wenzetu hao huandika wastani wa vipimo viwili vya oktani: 87 yao ni takriban 91 ya Japani na Ulaya, na 91 yao hukaribia 96.

Kitabu cha gari nacho kisomwe kwa makini. Neno “inapendekezwa” si sawa na “ni lazima”. Pale inapopendekezwa, mtengenezaji ameweka sensa inayosikia mgongo na kuiarifu kompyuta ya gari, nayo huchelewesha moto wa plagi. Gharama yake ni kupungua kwa nguvu na pengine kuongezeka kwa ulaji wa mafuta. Pale ilipoandikwa kuwa ni lazima, sensa hiyo ipo pia mara nyingi, lakini haina nafasi kubwa ya kurekebisha, hususan kwa injini ya turbo iliyobeba mzigo.

Hapa ndipo jiografia ya Mbeya na Iringa inapoingia. Mji wa Mbeya upo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa chini kidogo ya hapo. Katika mwinuko huo mgandamizo wa hewa hupungua kwa kati ya asilimia 15 na 20 ukilinganishwa na Dar es Salaam. Injini isiyo na turbo huvuta hewa kidogo zaidi, mgandamizo ndani ya silinda hushuka, na haja ya oktani hushuka pamoja nao. Ndiyo sababu katika baadhi ya majimbo ya milima ya Marekani huuzwa petroli ya daraja la chini kuliko ile ya pwani. Turbo, kwa upande wake, hufidia hewa iliyopungua, hivyo mwenye Forester ya turbo asijifariji kwa hoja ya mwinuko.

Faraja hiyo ina mipaka yake hata kwa wengine. Gari linalokwenda kimya kati ya Mafinga na Iringa huteremka Kitonga hadi Ruaha Mbuyuni, kwenye hewa nzito na yenye joto. Safari ya kurudi huanza na mlima uleule, abiria wakiwa wamejaa. Hapo ndipo injini iliyosifiwa Mbeya huanza kugonga. Mwenye gari anayetoka Kyela kupanda Tukuyu hukutana na mtihani huohuo. Dawa ya papo hapo ni kushusha gia na kupunguza kukanyaga mafuta.

Adui mkubwa zaidi kuliko pengo la namba moja amekuwa mafuta ya taa. Yana oktani ndogo mno, na yakichanganywa katika petroli huishusha yote. Miaka ya 2000 tofauti ya kodi iliufanya mchanganyiko huo kuwa biashara, na neno kuchakachua likavuma nchini kote kabla ya kuhamia kwenye siasa za uchaguzi. Mwaka 2010 EWURA ilianza kuweka vinasaba katika mafuta ili kuubaini mchezo huo, na bajeti ya mwaka 2011/12 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi 400.30 kwa lita. Kwa maskini anayewasha koroboi, hatua hiyo ilikuwa chungu.

Makopo ya kuongeza oktani yauzwayo madukani yanunuliwe kwa hadhari. “Pointi” inayotajwa kwenye kopo mara nyingi ni sehemu ya kumi ya namba, hivyo pointi tano ni nusu namba tu. Sabuni za kusafisha nozeli ni jambo jingine kabisa, nazo haziongezi oktani.

Gari likianza kugonga ghafla baada ya kujazwa mafuta katika kituo kipya, risiti itunzwe na taarifa ipelekwe EWURA. Likigonga miezi yote, kituo chochote, fundi akague kwanza plagi, mfumo wa kupoza injini na masizi ndani ya silinda, kwani injini inayochemka hugonga hata kwa petroli nzuri.