Safari ya Siku Moja Kwenda Rwenzori

Wazo lilitoka kwa vijana wenyewe. Asubuhi moja tulikuwa uwanjani hapa Bwera, mvua ya usiku imeosha hewa, mlima ukaonekana wote, hadi ule weupe kidogo wa juu. Msichana mmoja akauliza, "Kaka, si tuende tu asubuhi, tupande, jioni tuwe tumerudi?" Wenzake wakapiga makofi.

Nilicheka, lakini kwanza nilikwenda kuuliza. Kilele kinaitwa Margherita, mita 5,109 juu ya bahari. Ni cha tatu Afrika, baada ya Kilimanjaro na Mlima Kenya. Kutoka Nyakalengija, pale geti la hifadhi lilipo, watu hutembea kama siku saba kwenda na kurudi. Siku ya kwanza unalala Nyabitaba, halafu John Matte, halafu Bujuku, halafu Elena kwenye mawe na baridi, ndipo unagusa barafu. Tena kuna kiingilio, viatu vya miba, kamba, waongozaji. Sisi tulikuwa na mchango wa koasta moja, mikate na jerikani mbili za maji. Basi nikawaambia ukweli: safari yetu ya siku moja itaishia getini. Wakasema sawa, twende tu.

Njia kutoka Bwera unaijua, ndugu msomaji, maana wengi wenu wa Rwamwanja na Kyaka mliipita ndani ya mabasi baada ya kuvuka Mpondwe. Mlipita mkiwa mmechoka, labda hamkuangalia nje. Inakata mbuga, inaingia Kasese. Sisi tukapita Kasese mjini, tukaendelea kidogo kwenye barabara ya Fort Portal, halafu tukakata kushoto kuelekea Bugoye na Ibanda. Humo garini ndimo nilimotoa historia, nikipiga kelele juu ya muziki wa dereva.

Mtu anayeandikwa vitabuni kuwa wa kwanza kufika kileleni ni Luigi Amedeo, mtoto wa ukoo wa kifalme wa Italia, Mtawala wa Abruzzi. Ilikuwa tarehe 18 Juni 1906. Walishuka meli Mombasa, wakapanda treni hadi ziwani, wakavuka hadi Entebbe, kisha wakatembea kwa miguu hadi Fort Portal na kupanda bonde la Mubuku, hilihili tulilokuwa tunaliingia. Alikuwa na waongozaji wa milima kutoka kwao na mpiga picha Vittorio Sella, ambaye picha zake mpaka leo zinatumika kupima barafu iliyokuwepo. Nyuma yao kulikuwa na msururu wa wapagazi. Wale waliotoka Buganda baridi iliwashinda, na kazi ya juu, hadi kambi ya Bujongolo chini ya jabali, ikabebwa na Bakonzo, watu wa mlima wenyewe.

Huyo bwana ndiye aliyegawa majina. Kilele kirefu kuliko vyote akakipa jina la Margherita, malkia wa kwao. Cha jirani yake akakiita Alexandra, malkia wa Uingereza, kwa sababu nchi ilikuwa mikononi mwa Waingereza na adabu ni adabu. Mlima wenye vilele hivyo ukaitwa Stanley, mwingine Speke, mwingine Baker. Bakonzo walikuwa wanaujua huo wa Baker kwa jina la Kiyanja. Mlima mzima waliuita, na wanauita, Rwenzururu, mahali pa nzururu, yaani theluji. Na juu kwenye nzururu anakaa Kitasamba, mwenye mlima. Kwa imani hiyo, mtu wa hapa hakuwa na sababu ya kupanda hadi mlangoni kwa Kitasamba ili tu aseme amefika. Kwa hiyo mimi sipendi kusikia ati "mlima uligunduliwa". Wapagazi walikuwa wanaiona theluji hiyo tangu wakiwa wamebebwa mgongoni.

Kijana mmoja akauliza kilele ni cha Uganda au cha kwetu Kongo. Ni cha wote wawili. Mpaka unapita palepale juu, kwa hiyo ndicho kilele kirefu zaidi cha Uganda na pia cha Kongo. Mwaka 1932 Wabelgiji wakiongozwa na Xavier de Grunne walipanda kwa upande wetu. Huku Uganda wanasema Bakonzo, kule tunasema Banande. Lugha ni ileile na shangazi ni walewale. Mpaka uliwekwa na wazungu waliokuwa wanagawana, wala hakuna aliyemuuliza shangazi.

Rwenzururu pia ni jina la vita. Mwaka 1962 Isaya Mukirane na wenzake walikataa kutawaliwa na Tooro, wakatangaza nchi yao, wakapanda milimani. Mukirane alifariki mwaka 1966, na mwanawe Charles Wesley Mumbere, akiwa bado mtoto, akashika nafasi yake hadi waliposhuka mwaka 1982 kwa makubaliano na serikali ya Obote. Serikali ilitambua ufalme huo mwaka 2009. Mambo ya Novemba 2016 pale Kasese mnayajua, sikuyasema garini, dereva ni mtu wa hapa na nilimwona ananitazama kwenye kioo.

Sasa nieleze kosa langu.

Tulipofika Nyakalengija, vijana wakashuka wakikimbia kuona mto. Mmoja hakushuka. Ana miaka kumi na tano, kwao ni upande wa Mutwanga, chini ya mlima huuhuu, upande wa pili. Alikuwa anatazama pale migomba inapoishia na msitu unaanza, mikono ameibana katikati ya magoti. Nikamwambia, "Shuka, tupige picha." Hakujibu. Ndipo nikakumbuka, na nikaona aibu. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wanauawa na watu wanaotoka msituni. Huyu alikimbia usiku kutoka kwenye msitu kama ule. Mimi nimefundishwa namna ya kukaa na vijana kama yeye, nina hata cheti, na sikumwuliza hata swali moja kabla ya kumleta.

Palikuwa na mzee mmoja amekaa karibu na geti, mpagazi wa zamani, magoti yamekwisha. Alitusalimu kwa Lukonzo, tukajibu kwa Kinande. Nikamwambia shida yangu kwa sauti ya chini. Akajikokota hadi kwenye koasta, akakaa kwenye ngazi ya mlango, akimpa kijana mgongo.

"Mwanangu, mimi pia nimekimbia huko juu," akasema. "Waasi waliingia Mpondwe Novemba '96. Wakapanda huku. Hifadhi ikafungwa mwaka uliofuata hadi 2001, hakuna mzungu, hakuna mzigo, hakuna pesa. Sisi wa vilimani tukashuka, tukalala chini ya turubai, tunapanga foleni ya posho. Ndani ya nchi yetu."

Kijana akakaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza, "Ulirudi lini, Mzee?"

"Jeshi liliposema turudi. Mke wangu alikataa mwaka mzima. Mimi nikawa napanda mchana kulima, jioni nashuka kulala."

"Uliogopa?"

"Nikisikia tawi linavunjika, hata sasa nasimama."

Wengine walirudi wakiwa wamelowa, wakala mikate. Mzee akawaonyesha kwa fimbo mahali barafu ilipokuwa inafika zamani, ingawa mawingu yalikuwa yamefunika kila kitu na ilibidi tumwamini tu. Enzi za Abruzzi barafu ya milima yote ilikuwa karibu kilomita 7 za mraba. Leo haifiki hata moja. Alisema njia aliyopita akiwa kijana sasa ni mawe matupu, na waongozaji hutafuta nyingine.

Saa kumi dereva akapiga honi. Kijana alikuwa hajashuka bado, lakini alikuwa amehamia kiti cha mlangoni, miguu iko kwenye ngazi pembeni ya mzee. Nilipopita niingie nikamsikia anauliza, kutoka kileleni hadi Mutwanga ni siku ngapi.

"Kushuka? Siku mbili, kama miguu ni mizuri," mzee akajibu.

Kijana akahesabu kwa vidole, siku za kupanda kwanza, halafu zile mbili.